Rejista Mbili za Kisauni

Habari ya kifo cha Mwai Kibaki ilinikuta Ijumaa mchana, tarehe 22 Aprili 2022, nikiwa jikoni kwangu Kisauni, Mombasa, nimekalia mbuzi nakuna nazi ya kutilia mbaazi za futari. Wanaume wa mtaani walikuwa wameelekea msikitini, barabara imetulia kama inavyotulia Ijumaa za Ramadhani, na redio ya jirani ndiyo iliyotangulia kuvunja kimya kile. Nilisogea dirishani nikamsikia Rais Uhuru Kenyatta akilitangazia taifa kwamba mtangulizi wake, Rais wa tatu wa Kenya, ametutoka akiwa na umri wa miaka 90. Midomo ikasema yenyewe maneno yanayosemwa panapotajwa kifo, nikarudi kwenye mbuzi nikamaliza nazi yangu. Sikulia, wala sitadai hapa kwamba nililia. Nilichofanya ni kwamba usiku, baada ya tarawehe, nilivuta sanduku la bati lililo chini ya kitanda nikatoa rejista mbili za darasa ambazo nilikuwa sijazifungua tangu nilipostaafu.

Rejista ni mali ya shule, na mwalimu aliyefundishwa vyema kazi yake haendi nazo nyumbani. Hizi niliziokota. Mwaka niliostaafu, stoo ya shule yetu ilifagiliwa ili ipatikane nafasi ya vitabu vipya, na makaratasi ya zamani yakarundikwa nyuma ya vyoo yakisubiri kiberiti. Nikaomba ruhusa, nikachagua mbili tu. Moja ni ya darasa la kwanza la mwaka 2003, ya pili ni ya darasa la sita la mwaka 2008. Anayezifungua kwa pamoja ataona kwamba majina mengi ni yale yale, kwa kuwa watoto walioingia darasa la kwanza mwaka 2003 ndio waliofika la sita miaka mitano baadaye, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao wa darasa mara zote mbili. Kila ninapoulizwa Kibaki alikuwa kiongozi wa namna gani, jibu langu limo ndani ya rejista hizo, na halitimii kwa kusoma moja na kuiacha nyingine.

Ili nieleweke, sharti nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1974, nilipokuwa katika shule ya upili, Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliondoa karo kwa darasa la kwanza hadi la nne. Mdogo wangu wa kiume alikuwa darasa la tatu. Mamangu, aliyekuwa akitulea kwa kuuza mahamri alfajiri, alifurahi mno, na furaha hiyo haikumaliza mwaka, kwani shule ilianza kudai fedha za majengo, na fedha hizo zilipojumlishwa zikawa zinaipita ile karo iliyofutwa. Tangu hapo neno "bure" likawa la mzaha nyumbani kwetu: mtu akiuziwa kitu ghali husema amekipata bure ya shule. Mwaka 1979 Rais Moi naye akaondoa yaliyosalia, na maziwa ya shule yakaja, nao watoto wa wakati ule bado wanayasimulia. Lakini mwishoni mwa miaka ya themanini Serikali ikaja na sera ya kugawana gharama na wazazi, na mlango uliokuwa umefunguliwa ukaanza kusukumwa tena.

Aliyekuwa akiusukuma, kwa upande wetu, ni mimi. Katika miaka ya tisini mwalimu wa darasa alikuwa mtoza ushuru. Palikuwa na fedha za mitihani, za majengo, za mlinzi, za maji, na pale palipokosekana jina la kuziita palidaiwa ufagio na karatasi. Kila Jumatatu nilisimama mbele ya watoto nikasoma orodha ya wanaodaiwa, nao wakachukua mifuko yao wakatoka kimya kimya wakijua njia. Wengine walirudi baada ya siku mbili. Wengine niliwaona Jumamosi soko la Kongowea wakiwabebea wateja vikapu au wakiuza mifuko ya plastiki, wakiniamkia kwa heshima ile ile ya darasani, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama wangenitukana.

Kwa hiyo Kibaki na muungano wake wa NARC walipozunguka nchi nzima mwaka 2002 wakiahidi elimu ya msingi bila malipo, katika chumba chetu cha walimu hapakuwa na aliyesadiki. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba, na tarehe 30 tukamwona kwenye televisheni akiapishwa katika bustani ya Uhuru Park, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta kutokana na ajali ya barabarani iliyompata mwanzoni mwa mwezi ule. Mwalimu mwenzangu mmoja, fundi wa maneno, alisema mguu ule utapona kabla ya ahadi ile kutimia. Tulicheka. Siku saba baadaye, Jumatatu ya tarehe 6 Januari 2003, shule zilifunguliwa, na Waziri wa Elimu, George Saitoti, alikuwa ameshatangaza kwamba karo na tozo zote za shule za msingi za umma zimefutwa. Waraka rasmi haukuwa umetufikia. Watoto walitufikia kwanza.

Mwaka 2002 darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto 48. Kufikia Ijumaa ya wiki ile nilikuwa nimeandika majina 117, na kurasa za rejista zilipojaa niliongeza karatasi nikazibana kwa pini, zile pini ambazo hadi leo zimeacha alama ya kutu. Walikuja wameshikwa mikono na mama zao, na shangazi zao, na wengine walikuja peke yao. Palikuwa na watoto wa miaka sita wanaonukia sabuni, na palikuwa na kijana ambaye ndevu zilikuwa zimeanza kuchipuka, msukuma mkokoteni wa Kongowea, ambaye alisimama mlangoni bila kuingia kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Nilipomwuliza anatafuta nini, alisema, "Mwalimu, pesa nahesabu vizuri. Kusoma ndiyo sijui." Nyanya mmoja, mzee wa Kigiriama aliyejifunga leso mbili, alinishika mkono akanivuta kando.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kwenye redio hapatakwi pesa. Ni kweli, ama ni maneno ya kura?"

"Ni kweli, nyanya."

"Na yunifomu je?"

"Waje hivyo hivyo walivyo."

Akanitazama kwa muda, kisha akageuka akaita, na wajukuu watatu wakatoka nyuma ya ukuta walikokuwa wamefichwa kungojea jibu.

Deski la watoto watatu likakaliwa na sita, na waliobaki walikaa sakafuni juu ya majamvi. Kipindi cha kwanza kilikuwa kikimalizika nikiwa bado naita majina. Chaki iliyokuwa itoshe muhula mzima ilimalizika Februari. Hapakuwa na mwalimu hata mmoja aliyeongezwa shuleni kwetu mwezi ule, na ninakiri kwamba jioni nilipokuwa nikishuka kwenye matatu, sauti imenikauka, sikuwa nikimwombea Rais dua njema. Nilikuwa nikijiuliza kama huko Nairobi yupo aliyewahi kusimama mbele ya watoto 117 akawafundisha irabu.

Siku ya tatu, Jumatano, alikuja msichana wa miaka kumi au kumi na mmoja, peke yake, mgongoni amefunga mtoto mchanga kwa leso. Alikuwa wa 94 katika orodha. Nilimwuliza jina, akanitajia, nikaliandika. Kabla sijaendelea, mtoto akaanza kulia, na watoto wengine wakacheka, na mimi nikiwa nimechoka nikamwambia, "Mrudishe huyo nyumbani kwanza, kisha uje peke yako." Akasema, "Haya, mwalimu." Alikuwa na adabu. Hakuonyesha kuudhika wala hakunieleza kwamba nyumbani hapakuwa na wa kumwachia. Nilimngoja Alhamisi, nikamngoja Ijumaa. Wiki iliyofuata nilituma watoto wa mtaa wao wakamwulizie, wakaniletea jibu kwamba jamaa zake walikuwa wamepanga chumba kimoja kule Mtopanga na tayari walikuwa wamehama. Nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya jina lake, kwa sababu ndivyo kanuni zinavyosema.

Nimefundisha miaka mingi na nimefanya makosa mengi, lakini hilo ndilo ambalo halijawahi kunitoka. Rais aliondoa karo. Mimi nikaweka sharti. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba maamuzi makubwa hufanywa na wakubwa, na kwamba sisi wa chini tuna kazi ya kuyasifu au kuyalaumu tu, kumbe amri ya Ikulu husafiri kilomita zote zile kutoka Nairobi na mwisho wake ni mkono wa mwalimu mmoja aliyechoka, ambaye anaweza kuifungua au kuifunga kwa sentensi moja. Jumatatu iliyofuata nilitandika jamvi chini ya mti wa mkungu ulio karibu na dirisha la darasa langu, nikawaambia wasichana kwamba mwenye mdogo wake wa kulea aje naye. Mwalimu mkuu alinuna, akasema sasa nimefungua shule ya chekechea. Kufikia mwisho wa muhula wa kwanza palikuwa na vitoto saba chini ya mkungu ule, na dada zao saba walikuwa ndani wakisoma huku wakichungulia nje. Kwa yule wa 94 nilikuwa nimechelewa.

Kisha fedha zikaanza kuja, na hapa ndipo nilipoanza kumwona yule mwanauchumi ndani ya mwanasiasa. Kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Kati ya hizo, 650 ziliingia katika akaunti ya vitabu na vifaa vya kufundishia, tuliyoiita akaunti ya SIMBA, na 370 zikaingia katika akaunti ya matumizi ya jumla, ya kulipia maji, umeme, ukarabati na mishahara ya wafanyakazi wasio walimu. Fedha za vitabu hazikuruhusiwa kutiwa mfukoni mwa matumizi mengine. Lengo lilikuwa kitabu kimoja kwa watoto watatu katika madarasa ya chini na kimoja kwa wawili katika madarasa ya juu, na ingawa halikufikiwa kwa siku moja, katika miaka yangu yote ya kazi sikuwa nimewahi kuona kreti ya vitabu vya Serikali ikiteremshwa shuleni kwetu mpaka mwaka ule. Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa karatasi iliyobandikwa ukutani nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, ikionyesha kiasi kilichopokewa na kilivyotumika. Mzee mmoja mvuvi, ambaye hakuwahi kuingia darasani maishani mwake, alikuwa akija na mjukuu wake kila fedha zinapotangazwa, akamwamuru asome tarakimu kwa sauti, naye akifuata kwa kidole kama anayekagua mizani ya samaki.

Katika nchi nzima, watoto wa shule za msingi walipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi takriban milioni 7.2 mwaka 2003. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge wa Eldoret aliingia darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84, na dunia ikashangaa. Bill Clinton, alipoulizwa na televisheni ya Marekani mwaka huo huo ni nani aliye hai ambaye angependa kukutana naye, alimtaja Kibaki, kwa sababu ya uamuzi huo. Sisi tulipolisikia hilo tulifurahi, kisha tukarudi kwenye madarasa yaliyojaa pomoni, kwa maana sifa za ng'ambo haziongezi deski. Kiwango cha masomo kilishuka katika shule nyingi za umma, na wazazi wenye uwezo wakawahamishia watoto wao shule za kibinafsi. Nisijifanye mtakatifu: mwanangu wa mwisho nilimhamisha mwaka 2004, na asubuhi nikawa nampeleka kwenye shule ya kulipia kabla ya kwenda kuwafundisha watoto wa bure. Mwaka 2009 ilifichuka kwamba fedha za elimu zilikuwa zikiibwa, hata Uingereza ikasitisha msaada wake kwa mpango huo. Nililipokea jambo hilo kwa uchungu wa pekee, kwa kuwa nilikumbuka kile kidole cha mvuvi.

Baada ya kifo chake nilisoma tena habari za maisha yake, nikitafuta mahali uamuzi ule ulikotoka. Alizaliwa mwaka 1931 katika kijiji cha Gatuyaini, Othaya, akasoma Mang'u, kisha Makerere ambako alifuzu uchumi kwa daraja la kwanza, kisha akaenda London kusomea fedha za umma, akarudi Makerere kufundisha. Kabla ya kuingia siasa, alikuwa mwalimu. Mwaka 1960 aliacha kazi hiyo akaja kukitumikia chama cha KANU, akachaguliwa mbunge mwaka 1963, akawa Waziri wa Fedha kuanzia mwaka 1969 kwa zaidi ya miaka kumi, na Makamu wa Rais chini ya Moi kwa miaka kumi, kuanzia 1978 hadi 1988, aliposhushwa akapewa Wizara ya Afya. Hakugomba hadharani. Mwaka 1991 aliwabeza waliotaka kuing'oa KANU, akisema ni sawa na kuukata mti wa mugumo kwa wembe, na kabla mwaka haujaisha akajiuzulu akaunda chama chake. Akashindwa 1992, akashindwa tena 1997, na mwaka 2002 ndiye aliyekuwa mbele mugumo ule ulipoanguka.

Watu wa siasa za kelele walimwita mwoga. Mimi, ambaye nimefanya kazi chini ya wakuu wa shule wa kila namna, ninalitazama jambo hilo tofauti kidogo. Yuko mkuu anayezunguka madarasani na fimbo, na yuko anayekaa ofisini akajua hesabu ya kila kreti, akakuachia darasa lako. Kibaki alikuwa wa aina ya pili, ukiacha zile siku ambapo neno "pumbavu" lilimtoka jukwaani, nasi kesho yake tukawa tunaliiga chumba kizima cha walimu. Chini yake uchumi uliokuwa ukikua kwa chini ya asilimia 1 mwaka 2002 ulifikia karibu asilimia 7 mwaka 2007. Lakini mkuu wa aina hii ana hatari yake, nayo ni kwamba hujui yuko wapi siku ambayo nyumba inaungua.

Siku hiyo ndiyo iliyo katika rejista ya pili.

Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalitangazwa tarehe 30, tarehe ile ile ambayo miaka mitano kabla yake tulimwona kwenye kiti cha magurudumu mbele ya umati uliofurika. Safari hii aliapishwa jioni, ndani ya uwanja wa Ikulu, jua likizama, pasipo umati. Yaliyofuata yanajulikana: zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Mombasa haikuungua kama Bonde la Ufa, lakini maduka yalivunjwa na kuchomwa, na katika mitaa yetu ya Kisauni familia za watu wa bara, walioishi nasi miaka mingi, walifunga mizigo usiku. Niliwaona majirani wakiwasaidia kubeba magodoro, na niliwaona majirani wengine wakisubiri waondoke ili waingie.

Ufunguzi wa shule uliahirishwa, na hatimaye nilipoita majina ya darasa la sita, watoto 22 hawakuitika. Nilikuwa nikitia duara la kutokuwepo mbele ya jina, na kila duara lilikuwa na kabila lake, sikuhitaji kuuliza. Wengi kati ya hao walikuwa wale wale wa Januari 2003, walioketi kwenye jamvi. Mmoja alikuwa miongoni mwa vitoto vya chini ya mkungu, aliyerushwa madarasa mawili kwa sababu alikuwa amejifunza kusoma kwa kusikiliza dirishani. Alama zile za duara zinaendelea ukurasa hadi ukurasa, Januari yote na Februari yote. Tarehe 28 Februari 2008 Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba wa kugawana madaraka mbele ya Kofi Annan, na katika majuma yaliyofuata watoto 13 walirudi. Tisa hawakurudi.

Tume iliyochunguza uchaguzi ule, chini ya Jaji Kriegler, ilisema haiwezekani kujua ni nani aliyeshinda, na mimi si wa kujua zaidi yake. Ninachojua ni kwamba aliyekuwa amekalia kiti wakati ule ndiye aliyenijazia rejista ya kwanza. Nilijaribu kwa muda mrefu kutafuta namna ya kumsamehe kwa ajili ya ile ya kwanza, au kumkana kwa ajili ya ile ya pili, na sikufaulu lolote kati ya hayo mawili. Siku hizi sijaribu tena. Mwalimu hajumlishi waliohudhuria na waliokosa ili apate tarakimu moja. Huandika kila upande mahali pake.

Na kazi iliendelea. Mwaka huo huo wa 2008 Serikali ilianza kulipia masomo ya shule za upili za kutwa, shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi. Mwaka 2009 umri wa watumishi wa umma kustaafu ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60, jambo lililonipa miaka mitano zaidi ya kushika chaki, na mume wangu husema hiyo ndiyo sababu ya kweli ya mimi kumpenda Kibaki. Mwezi Juni mwaka huo waya wa mawasiliano wa TEAMS, uliopitishwa chini ya bahari kutoka Fujairah, ulifika pwani yetu ya Mombasa, na vijana wakaanza kutueleza mambo ya intaneti ambayo hatukuyaelewa. Mwaka 2010 ikaja kura ya maoni ya Katiba. Hapa Mombasa tuliifuatilia kwa wasiwasi kwa sababu ya mvutano juu ya mahakama za Kadhi, na Kibaki, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kuzunguka, alizunguka nchi akiipigia debe kura ya "Ndiyo". Tarehe 4 Agosti Katiba ikapita, na tarehe 27 akaitangaza rasmi Uhuru Park. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Nilikisoma mara kadhaa nikimkumbuka marehemu mamangu na bure yake ya shule: sasa haikuwa tena hisani ya Rais yeyote, ya kutolewa na huyu na kunyang'anywa na ajaye.

Miezi mitatu baadaye watoto wangu wa 2003 walifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kati ya wale 117, walioufanya pale shuleni kwetu mwaka huo walikuwa 63. Yule msukuma mkokoteni hakuwamo. Alikaa nasi mihula minne tu, hadi alipoweza kusoma gazeti, akaaga akarudi Kongowea, na leo ana kibanda cha viazi kilichoandikwa bei kwa hati yake mwenyewe. Mmoja wa wajukuu watatu wa yule nyanya alifika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, ambacho Kibaki alikipa hati ya kuwa chuo kikuu kamili Januari 2013, miezi miwili na kitu kabla ya kukabidhi madaraka na kwenda zake nyumbani. Alipoondoka aliondoka kweli. Sikumbuki akisikika akimfundisha kazi aliyemrithi.

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 2022 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko, na tulitazama ibada ya mazishi ya kitaifa kutoka uwanja wa Nyayo kabla ya kesho yake kuzikwa Othaya. Usiku, baada ya tarawehe, tulikaa barazani, na mjadala ukawaka kama inavyokuwa panapokutana kahawa na siasa. Jirani yetu mmoja alikumbusha suala la ardhi ya Pwani, kwamba miaka kumi ya Kibaki ilipita na maskwota wakabaki maskwota. Mwingine akawakumbuka waliokamatwa mpakani mwa Somalia mwanzoni mwa 2007 wakapelekwa Somalia na Ethiopia kinyume cha sheria, akauliza ni nani atakayewalilia hao. Ikatajwa pia Anglo Leasing, ile kashfa ya mikataba hewa ya Serikali. Hakuna nililolipinga katika hayo. Mdogo wangu, yule wa 1974, ambaye sasa ana wajukuu, alisikiliza kwa muda mrefu kisha akasema, "Mimi nilitolewa darasa la tano kwa fedha za majengo. Wanangu wanne hakutolewa hata mmoja. Nikisema nini zaidi?" Jirani akasema basi hilo na liandikwe, na lake liandikwe.

Nikaingia ndani nikaleta rejista zote mbili. Tulizifungua chini ya taa ya barazani, na mdogo wangu akavaa miwani akaanza kuhesabu, kwanza ya 2003, akishuka na kidole taratibu, akisimama kila anapolijua jina: huyu ni mtoto wa fulani muuza mihogo, huyu yuko Qatar, huyu ni yule wa tuktuk. Akafika kwenye karatasi zilizobanwa kwa pini.

"Na huyu wa 94, dada, mbona umemkata?"

Nikamweleza. Aliuliza kama alikuwa mtoto wa yule fundi wa mashua aliyehamia Mtopanga, akataka kujua jina la babake ili amtafute. Nikamwonyesha mstari wenyewe. Lipo jina moja tu. La baba sikuwa nimefika kumwuliza.